Margarete Steiff: Alianza na ndovu wa kuchomea sindano, akaishia kuwapa watu tedi

Wewe unayefuma kroshe ndani ya matatu ukienda tao, ukimalizia sikio la sungura kabla ya kushuka, hii ni yako. Na wewe pia uliyenunua tedi kubwa nyekundu ya Valentino kwa bei ambayo hadi leo inakuuma, kaa hapo usikie ilikotoka.

Kuna watu mtaani watakuambia kazi ya uzi na sindano ni ya kupitisha muda. Ati ukishamshonea binamu yako mdoli wa birthdei, basi, rudi utafute kazi ya maana. Wakikuambia hivyo tena, wape stori ya Margarete Steiff. Ni Mjerumani, alikufa 1909, na kama umewahi kushika tedi ya bei kali yenye kifungo kidogo cha chuma sikioni, hiyo ni kampuni yake.

Alizaliwa tarehe 24 Julai 1847 huko Giengen, mji mdogo kando ya mto Brenz, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa ujenzi. Nyumbani walikuwa watoto wanne: dada wawili wakubwa, Marie na Pauline, kisha yeye, kisha kaka mdogo, Fritz. Huyo Fritz usimsahau, ana kazi kubwa mbele.

Akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, Margarete alishikwa na homa. Ilipopita ilimwachia miguu iliyopooza na mkono wa kulia uliokuwa dhaifu na wenye maumivu. Ilikuwa polio. Sisi tumezoea wahudumu wa afya kubisha mlangoni na matone ya chanjo, mtoto anapakwa wino kidoleni, siku inaendelea. Yeye chanjo ilimkosa kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa piga hesabu ya nyumba hiyo. Msichana hawezi kutembea. Hawezi kufua, hawezi kuteka maji, hawezi kazi ya shamba. Ndoa, kwa fikra za wakati huo, hata usiongelee. Maana yake ni kwamba kila mtu aliyemtazama aliona mtu wa kulishwa na ndugu zake hadi afe. Mamake alikuwa na wasiwasi huo huo, na simlaumu.

Wazazi walijaribu. Akiwa na miaka tisa walimpeleka Ludwigsburg akafanyiwa upasuaji, halafu akapelekwa Wildbad, mahali pa chemchemi za maji moto ambapo wagonjwa walikuwa wakiogeshwa kwa matumaini ya kupona. Hakuna kilichobadilika. Baada ya miaka kadhaa ya hayo, Margarete mwenyewe ndiye aliyekata shauri: akiwa na miaka 17 aliona kwamba kutafuta tiba kila mara kulikuwa kunamnyima amani, akaacha. Hiyo kwangu ndiyo sehemu ngumu zaidi ya maisha yake, kuliko hata biashara. Kuwaambia watu wanaokupenda waache kukutafutia dawa si rahisi.

Shule alienda kwa kigari. Watoto wa majirani walikuwa wakimvuta hadi mlangoni, na mama mmoja aliyekaa hapo akimbeba kumpandisha ngazi. Baada ya masomo, akang'ang'ana aingie darasa la ushonaji. Kushona kwa mkono wa kulia unaouma! Mwanzoni kazi yake ilikuwa ya pole pole, lakini kufikia miaka 17 alikuwa amehitimu, na akaanza kushona pamoja na dada zake. Pembeni alikuwa akifundisha watu kupiga zita, ala ya nyuzi ya kwao, apate doh kidogo. Ni kama wewe na hizo kazi zako tatu.

Familia ilipopata cherehani, moja ya za kwanza kabisa Giengen, kukawa na tatizo. Gurudumu la kuzungushia liko upande wa kulia, na mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu. Alichofanya ni kuigeuza mashine nyuma mbele, akazungusha kwa mkono wa kushoto. Ni hivyo tu. Sijui mimi ni watu wangapi wangefikiria hilo badala ya kuiuza mashine.

Mwaka wa 1877 alifungua duka lake la nguo za felti. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu bila kuielewa felti hutaielewa hii stori. Felti si kitambaa cha kufumwa. Ni sufu iliyoloweshwa maji moto na kushindiliwa hadi nyuzi zake zikashikana zikawa kipande kimoja. Uzuri wake ni kwamba ukiikata kwa makasi, ukingo hauchanuki. Huna haja ya kukunja pindo wala kushonelea kingo. Kwa fundi yeyote hiyo ni kazi nusu. Kwa fundi ambaye kila mshono unamuuma, nadhani ilikuwa zaidi ya hapo. Na Giengen kulikuwa na kiwanda cha felti, cha mtu aliyekuwa na uhusiano wa ndoa na familia yao, kwa hiyo malighafi ilipatikana hapo hapo nyumbani. Akashona sketi za ndani za kina mama na makoti ya watoto, zikauzika hadi miji mikubwa. Akaajiri washonaji.

Kufikia hapo tayari alikuwa ameshinda. Angeishia hapo, bado angekuwa mwanamke aliyejilisha mwenyewe wakati wote walitarajia alishwe.

Kisha mnamo Desemba 1879 akaona kitu kwenye jarida la mitindo lililoitwa Modenwelt: patani ya ndovu mdogo wa kitambaa. Akaikata kwa felti, akaijaza manyoya laini ya kondoo, akaishona. Ilikusudiwa iwe kifuko cha kuchomea sindano, kile kidude fundi huweka mezani asipoteze pini. Akawashonea jamaa na marafiki wa kike, akawagawia kama zawadi.

Wale kina mama wakazipeleka nyumbani. Na wewe unajua watoto. Kitu laini, chenye masikio makubwa na mkonga, kikiwekwa mezani karibu na mtoto kitakaa huko muda gani? Ndovu wakatolewa sindano, wakaanza kulala vitandani na watoto. Kumbuka vichezeo vingi vya wakati huo vilikuwa vya mbao, bati au kauri, vigumu na vya kuvunjika. Mdoli wa kauri ulikuwa unamtazama tu, ukimwangusha umeisha. Ndovu wa felti unaweza kumrusha, kumkumbatia, kumkalia, na asubuhi bado ni ndovu.

Zawadi ikageuka kuwa maombi. Mama huyu anataka mmoja, jirani yake anataka watatu. Hapa ndipo Fritz anaingia. Yeye ndiye aliyeona kwamba hiki kitu kinauzika. Alibeba gunia la ndovu akaenda nao sokoni Heidenheim, mji wa jirani, akarudi na gunia tupu. Manze, kila anayeshona anahitaji Fritz wake: mtu asiyejua hata kutunga uzi lakini haoni aibu kusimama sokoni. Wengi wetu tunaofanya kazi za mikono tunajua kutengeneza, kuuza ndiyo inatushinda. Unamwambia mteja bei huku ukiangalia chini.

Mwaka wa 1886 waliuza zaidi ya ndovu 5,000. Wakaongezwa nyani, punda, farasi, ngamia, nguruwe, mbwa, paka. Fritz akamjengea dadake nyumba yenye karakana na duka chini, na ramp ya kupandia kiti chake cha magurudumu. Mwaka wa 1892 wakatoa katalogi ya kwanza yenye picha, na 1893 biashara ikasajiliwa rasmi kama kiwanda cha vichezeo vya felti. Wanawake wengi walikuwa wakishonea majumbani mwao na kuleta kazi ikiwa tayari. Lakini kila mnyama mpya, Margarete alishona sampuli ya kwanza yeye mwenyewe, akaikagua kama mtoto anaweza kujidunga au kung'oa kitu, kabla haijakubaliwa. Aliamini mtoto apewe kilicho bora, si kilichobaki.

Watoto wa kiume wa Fritz walipokua wakaingia kazini kwa shangazi yao mmoja baada ya mwingine. Richard, aliyesomea sanaa, alikuwa akienda kwenye bustani ya wanyama huko Stuttgart kuchora dubu. Mwaka wa 1902 akaja na kitu kipya: dubu wa manyoya ya moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, mwenye mikono na miguu inayozunguka. Walimwita 55 PB: urefu wa sentimita 55, kitambaa cha manyoya, viungo vinavyosogea. Shangazi hakuvutiwa sana. Alimwona mkubwa, mzito na wa bei. Hata hivyo akamruhusu mpwa wake ampeleke kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka wa 1903.

Pale Leipzig, watu wakampita yule dubu. Maonyesho yakiwa yanafika ukingoni ndipo mnunuzi mmoja kutoka Marekani akamwona, akaagiza 3,000 kwa mpigo.

Kwa nini Mmarekani alitaka dubu? Kwa sababu ya Rais wao, Theodore Roosevelt. Novemba 1902 alikuwa akiwinda Mississippi, akakosa dubu, wenzake wakamshika mmoja mzee wakamfunga kwenye mti ili Rais ampige risasi. Akakataa, akisema si uanamichezo. Mchoraji wa katuni Clifford Berryman akaichora, nchi nzima ikaipenda, na Morris Michtom, mwenye duka huko Brooklyn, pamoja na mkewe Rose wakashona dubu wao wakamwita kwa jina la utani la Rais, Teddy. (Sehemu ambayo katuni haikuonyesha: yule dubu alikuwa ameumia vibaya, na Roosevelt aliagiza amalizwe kwa kisu.) Kwa hiyo tedi alishonwa Brooklyn na Giengen karibu wakati mmoja, na mpaka leo watu hubishana nani alitangulia. Mimi ninachoona ni kwamba jina lilimwendea mwanamume aliyekuwa ameshika bunduki, si mwanamke aliyekuwa ameshika sindano.

Mambo yakaenda mbio. Mwaka wa 1903 walijenga kiwanda cha chuma na vioo, kuta zake zikiruhusu mwanga wa kutosha kwa washonaji. Wenyeji wakalitania jengo hilo kwamba ni tangi la samaki lililojaa mabinti. Na mwaka wa 1907 pekee walitengeneza dubu 974,000. Waliofanya kazi kiwandani walikuwa 400, na wengine 1,800 wakishonea nyumbani.

Pesa ikishaonekana, waigaji hawachelewi. Mpwa mwingine, Franz, ndiye aliyekuja na wazo la kifungo cha chuma sikioni mnamo 1904, ili mteja ajue kilicho halisi. Vifungo vya kwanza vilikuwa na picha ya ndovu. Na hapa lazima tuseme ukweli: ndovu mwenyewe alitoka kwenye patani ya jarida. Wewe unayechukua patani za YouTube na kuogopa kuitwa mwizi, angalia tofauti. Jarida lilichapisha patani ili watu washone, naye akashona, kisha akabuni wanyama wengine wa kwake. Waigaji wa baadaye walitaka kuuza kazi yao kwa jina lake. Si kitu kimoja.

Mwaka wa 1906 kampuni iliandikishwa upya kwa muundo wa kuwahusisha wapwa wake. Hakuwahi kuolewa wala kupata watoto. Hao ndio waliokuwa wake.

Margarete alikufa tarehe 9 Mei 1909 kwa nimonia, akiwa na miaka 61. Na hapa kuna kitu ambacho hukutarajia. Siku hiyo Roosevelt, ambaye sasa alikuwa ametoka madarakani, alikuwa humu humu kwetu. Alishuka Mombasa mwezi wa Aprili, akapanda treni ya reli ya Uganda hadi nyanda za Kapiti, na wiki hizo za kwanza alizimaliza huko upande wa Machakos akiwinda. Katika safari nzima, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512, wakiwemo ndovu 11. Wengi walipelekwa Marekani kujazwa na kuwekwa makumbusho. Tedi, wakati huo, walikuwa wanalala na watoto.

Kampuni bado iko Giengen, na lile jengo la vioo bado limesimama. Tangu 2005 kuna makumbusho pale. Mwaka wa 1994 dubu mmoja wao wa zamani, anayeitwa Teddy Girl, alinunuliwa kwenye mnada London kwa pauni 110,000. Kwa hiyo, yule sungura wa kroshe uliyemshona wiki nzima, mteja akikuambia mia mbili, mwambie hapana.