APOLO KIVEBULAYA, MTUMISHI ALIYEVUKA MILIMA KWA MIGUU



Leo tunawaelezea maisha ya mtumishi ambaye hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mwanglikana. Lakini alikuwa mtu mweusi kama sisi, na udongo wa Kongo ndio uliomlaza.

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Ujana wake haukuwa wa utakatifu: alifuata dini ya Kiislamu, alivuta bangi, alikwenda vitani. Kisha Habari Njema ilimshika, akabatizwa Januari 1895. Jina la Kivebulaya watu walimpa kwa sababu ya koti lake, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Jina hilo hutuchekesha kidogo, kwa maana Neno alilolibeba watu walilipokea mkononi mwa Mwafrika mwenzao.

Alitumwa kwanza Toro, chini ya mlima Ruwenzori. Ng'ambo ya mlima, huko Mboga, wainjilisti wawili wa Buganda, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walikuwa wamekwisha kujaribu kazi. Chifu Tabaro aliwakataza watu wasiwape chakula, na njaa ikawarudisha. Apolo alikubali kwenda mahali pao. Alichukua Kitabu cha Mungu, akachukua na jembe, ili kama watu wakimnyima chakula alime chakula chake mwenyewe.

Ndugu zetu wa Beni na Mutwanga wanaujua mlima Ruwenzori, maana wanauona kila mawingu yakiondoka. Kichwa chake kina theluji, urefu wake ni metre 5109. Apolo hakupanda mpaka kwenye theluji. Alipita kwenye bega la kaskazini, katika baridi na mvua, akatelemka kwenye msitu wa Bwamba na joto la bonde la Semliki, akavuka mto, kisha akapanda tena milima ya upande wetu mpaka Mboga. Barabara haikuwako, ni vijia tu kutoka kijiji mpaka kijiji. Alifika Desemba 1896. Na njia hiyo hakuipita mara moja, aliipita miaka mingi.

Hapa tuseme ukweli wetu sisi mashemasi. Kuna waaminifu wa mlimani ambao hatukuwatembelea kwa sababu ya mvua tu, au tulikuwa tunangoja motokari.

Tabaro hakufurahi. Mafundisho juu ya pombe na juu ya wake wengi yalimchoma. Mwaka 1898 mwanamke mmoja alianguka juu ya mkuki wa Apolo uliokuwa umelazwa katika majani, akafa. Apolo alishitakiwa kuwa muuaji. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro kupitia milima ile ile, safari hii kama mfungwa. Wapenzi, fikirini kupita kama mwizi mbele ya watu ambao jana ulikuwa unawahubiri. Katika mateso hayo Bwana Yesu alimtokea, aking'aa kama jua, akamwambia asiogope kwa kuwa yupo pamoja naye. Hatimaye aliachiliwa, maana hakuonekana kosa.

Angeweza kubaki Toro na kupumzika. Alirudi Mboga, kwa mtu yule yule aliyemshitaki. Baadaye Tabaro aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Hakuna askari aliyemlazimisha.

Apolo aliwekwa shemasi mwaka 1900, akawa kasisi mwaka 1903. Hakuoa. Miaka mingi alitumika katika vijiji vya Toro. Wakati huo wazungu walikata mpaka, na kwa mapatano ya 1910 Mboga ikawa ya Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1915 alirudi huko, akiwa mtu wa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1921, mwaka ambao Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Bwana Nkamba, Apolo aliona tena maono: aende msituni kwa Wambuti. Wengi wakati ule waliwadharau Wambuti na hawakuwahesabu kama watu kamili. Ni aibu kusema kwamba dharau hiyo haijaisha hata leo. Mzee huyu aliwafuata kambi kwa kambi. Waliwahi kuhama kabla hajarudi, naye akawatafuta tena. Miaka ikapita kabla ya kuona mavuno. Mwaka 1932 Wambuti wanne wa kwanza walibatizwa.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi ya watu wake, maiti huzikwa kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa wale ambao hakuwa amewafikia bado. Walimzika hivyo.