CLARA BROWN: MAMA ALIYEMTAFUTA MWANAWE MIAKA 47

Tukisikia Magharibi ya Marekani ya enzi zile tunawaza makauboi na bastola tu. Leo nawaletea mama aliyekwenda huko kufua nguo, na stori yake inawapiku makauboi wote.

Clara Brown alizaliwa mtumwa Virginia, karibu mwaka 1800, akapelekwa Kentucky akiwa mdogo. Huko akaolewa, akazaa. Mwaka 1835 bwana wao akafariki, mali zake zikapigwa mnada, na wao wakiwemo. Mume kivyake, watoto kivyao, mama kivyake. Binti yake Eliza Jane alikuwa na miaka kama 10 hivi. Hebu fikiria mdau, unaona mwanao anachukuliwa na huna la kufanya...

Zaidi ya miaka 20 baadaye akapata uhuru, lakini sheria ya Kentucky ikamtaka aondoke jimboni ndani ya mwaka mmoja. Basi mwaka 1859, umri unakaribia 60, akajiunga na msafara wa mikokoteni ya ng'ombe kwenda Colorado kwenye dhahabu. Alilipia safari kwa kuwapikia wenzake, na sehemu kubwa ya njia hiyo ya zaidi ya kilomita 1,000 aliipiga kwa mguu!

Kule Central City kila mtu alikimbilia mashimo. Bi Clara akaona wachimbaji wana nguo chafu na wa kuwafulia hakuna. Akaanza udobi. Pesa ikaingia, akanunua viwanja na kuwekeza kwenye migodi. Vita ya Kaskazini na Kusini ilipokwisha mwaka 1865 inasemekana alikuwa na dola kama 10,000. Si mchezo kwa wakati ule.

Angeweza kutulia ale maisha. Wapi! Alifunga safari kurudi Kentucky kumtafuta Eliza. Hakumpata. Ila alirudi na kundi la watu waliotoka utumwani, akawalipia nauli na kuwasaidia kuanza upya Colorado.

Ukarimu huo, pamoja na mafuriko na moto, vikammaliza mfukoni. Akazeeka hana kitu. Halafu mwaka 1882 ikaja habari: kuna mwanamke Council Bluffs, Iowa, anaitwa Eliza, na maelezo yanafanana. Watu wakamsaidia nauli. Bibi wa miaka 80 na ushee akapanda treni... na kweli, ndiye! Miaka 47 tangu ule mnada.

Clara alifariki Denver mwaka 1885. Leo sura yake ipo kwenye dirisha la vioo vya rangi katika jengo la bunge la Colorado.

Nilichojifunza mimi: huyu mama alianza maisha upya mara kibao, lakini mwanae hakumsahau hata siku moja. Wewe mdau ungetafuta miaka yote hiyo au ungekata tamaa? Tiririka hapo chini.