Ramana Maharshi, kijana aliyejiuliza yeye ni nani
Wasikilizaji wetu, huyu mwalimu wa Kihindu alizaliwa kusini mwa India mwaka 1879, akaitwa Venkataraman. Akiwa na miaka 16, mzima wa afya, hofu ya kifo ilimshika ghafla. Akajilaza kama maiti, akajiuliza: mwili ukifa, ni nani huyu anayesema mimi? Hofu ikamtoka.

Wiki kadhaa baadaye alichukua rupia 3 za ada ya kaka yake, akaacha barua isiyo na jina, akaenda mlima Arunachala. Mama yake alimfuata akimsihi arudi, hakufungua mdomo. Hapa Ifakara tungemwita mkaidi.

Waliomjia aliwaelekeza kwenye swali lilelile. Mwaka 1916 mama naye akahamia kwake. Alipokata roho mwaka 1922, mkono wa mwanawe ulikuwa kifuani pake. Ramana alifariki mwaka 1950, chini ya mlima uleule.