Joan Wake: Mwanamke aliyeokoa hati za kale zisigeuzwe gundi

KATIKA miaka ya 1920, hati za kale nchini Uingereza ziliuzwa kwa uzani kama takataka. Maandishi ya ngozi yaliyodumu karne nyingi yaligeuzwa kuwa vifuniko vya taa, ngozi za ngoma na hata gundi. Katika kaunti ya Northamptonshire, aliyesimama kidete kuzuia uharibifu huo alikuwa Bi Joan Wake.

Bi Wake alizaliwa mwaka wa 1884 kijijini Courteenhall, binti wa Sir Hereward Wake, kabaila wa ukoo wenye ardhi na jina kubwa. Kama mabinti wengi wa tabaka lake enzi hizo, alifunzwa nyumbani, na jamii haikumtarajia kuwa msomi.

Hata hivyo, mnamo 1913, akiwa na umri wa karibu miaka 30, alijiunga na London School of Economics. Huko alijifunza kusoma miandiko ya kale, elimu iliyomfungulia makasha ya hati ambayo watu wengi waliyaona kuwa mavumbi matupu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alihudumu katika shughuli za uuguzi za kaunti yake, kisha akarejea kwenye nyaraka.

Mwaka wa 1920 aliongoza juhudi za kuanzisha Chama cha Kumbukumbu cha Northamptonshire, naye akawa katibu wake, wadhifa alioushikilia kwa zaidi ya miaka 40. Kitabu cha kwanza cha chama, kilichochapishwa mwaka wa 1924, kilihusu kumbukumbu za mahakama za kaunti za karne ya 17, na mhariri wake alikuwa Bi Wake mwenyewe.

Chama hicho kilizaliwa wakati wa hatari. Sheria mpya za ardhi, zilizoanza kutekelezwa Januari 1, 1926, zilifuta mfumo wa kale wa umiliki uliotegemea madaftari ya mabwana wa ardhi. Aidha, kipindi ambacho mwenye shamba alipaswa kukionyeshea hati ili kuthibitisha haki yake kilifupishwa. Mawakili waliokuwa wamejaza makabati na vyumba vya chini kwa hati hizo sasa waliziona kuwa mzigo.

Lakini ndani ya mzigo huo mlikuwa na majina ya wakulima, wajane, vibarua na wapangaji ambao hawakuandikwa penginepo popote. Kuteketezwa kwa karatasi hizo kungekuwa sawa na kuwazika watu hao mara ya pili.

Bi Wake alizunguka kaunti nzima akibisha milango ya mawakili, makasisi na makabaila. Alibembeleza, na palipohitajika aliwakabili wakubwa bila woga, hadi hati zikakabidhiwa chama. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, kampeni ya serikali ya kukusanya karatasi kuukuu ilizidisha hatari hiyo, naye akaendelea kuhimiza umma usitupe vya thamani pamoja na visivyofaa.

Tatizo jingine lilikuwa makao. Mwaka wa 1947 hazina hiyo ilipata hifadhi katika jumba la Lamport, nyumbani kwa Sir Gyles Isham. Baadaye serikali za mitaa zilichukua jukumu la kuzitunza nyaraka, na mahali pa kudumu pakahitajika.

Hapo ndipo vita vyake maarufu zaidi vilipoanza. Delapré Abbey, jengo lililosimama palipokuwa na makao ya watawa tangu karne ya 12, lilikuwa mikononi mwa baraza la mji wa Northampton, na lilikabiliwa na tishio la kubomolewa. Bi Wake, ambaye tayari alikuwa amepita umri wa miaka 70, alianzisha kampeni ya kuchangisha fedha za kulikarabati. Alishinda. Mwaka wa 1959 jumba hilo lilifunguliwa likiwa makao ya nyaraka za kaunti na maktaba ya chama.

Katika shughuli hizo zote hakuiacha kalamu. Mwaka wa 1953 alichapisha historia ya ukoo wa Brudenell wa Deene, uliomtoa Lord Cardigan, kamanda wa shambulio la askari wa farasi huko Balaclava mwaka wa 1854. Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku shahada ya heshima.

Alistaafu ukatibu mwaka wa 1963 na kufariki dunia mwaka wa 1974. Nyaraka zilihamishwa kutoka Delapré mwaka wa 1991 na kupelekwa Wootton Hall Park. Jumba lenyewe lilifanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka wa 2018 likafunguliwa kwa umma.