Chemirocha: Mwimbaji wa Marekani aliyefufuliwa na wasichana wa Kapkatet

MSAFIRI anayetoka mjini Kericho kuelekea Kisii hupita katikati ya mashamba ya majani chai, akaziacha Litein na Kapkatet nyuma yake, kisha akafika njiapanda ya Kaplong, ambapo barabara moja huendelea hadi Sotik na nyingine hukata kuelekea Bomet na Narok.

Ni safari inayofanywa kila siku na maelfu ya watu. Wachache kati yao hufahamu kwamba katika eneo hilo, mwaka 1950, wasichana wa jamii ya Wakipsigis walirekodiwa wakimwimbia mtu ambaye hawakuwahi kumwona, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika, na ambaye wakati huo alikuwa amelala kaburini kwa miaka 17.

Walimwita Chemirocha. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa James Charles Rodgers, na ulimwengu ulimfahamu kama Jimmie Rodgers, mwimbaji na mtunzi wa Marekani anayetambuliwa hadi leo kuwa baba wa muziki wa kantri.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi ng'ambo kama kichekesho kuhusu wanakijiji waliosikia santuri kwa mara ya kwanza wakadhani wamesikia mungu. Hata hivyo, anayeyafuata maisha ya Rodgers tangu mwanzo, kisha akausikiliza wimbo wenyewe, hupata picha tofauti kabisa.

Mtoto wa reli

Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na kulelewa katika eneo la Meridian, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Ilikuwa miaka ileile ambapo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa kuelekea Ziwa Victoria.

Mamake alifariki angali mdogo. Babake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vikundi vya vibarua wa reli, kazi iliyomweka mbali na nyumbani mara kwa mara. Hivyo mvulana huyo alikulia mikononi mwa jamaa mbalimbali, na baadaye kandokando ya reli yenyewe.

Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, na walifanya kazi wakiimba. Mmoja alianzisha, wenzake wakaitikia, na kwa mdundo wa kiitikio wote waliisukuma reli kwa vyuma vizito hadi ikakaa sawa. Utaratibu huo si mgeni kwa yeyote aliyewahi kuona watu wakilima shamba kwa pamoja huku wakiimba.

Mvulana mzungu aliyebeba ndoo alisikiliza. Nyimbo za bluzi alizozisikia kwa vibarua hao ndizo zilizokuja kuwa uti wa mgongo wa muziki wake, katika nchi ambayo sheria na desturi za kusini ziliwatenga weusi na weupe katika shule, mikahawa na mabehewa.

Alipokua aliajiriwa kushughulikia breki za garimoshi, kazi ya hatari iliyomtaka mtu apande juu ya mabehewa katika mvua na baridi. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson. Walijaliwa mabinti wawili, na mmoja wao alifariki akiwa mchanga mwaka 1923.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 27, madaktari walimgundua kuwa na kifua kikuu. Dawa ya kwanza yenye uwezo wa kuutibu ugonjwa huo iligunduliwa mwaka 1943, miaka 10 baada ya kifo chake. Kwa mtu maskini wa wakati huo, habari hiyo ilikuwa sawa na hukumu ya kifo isiyotajwa tarehe.

Rodgers hakuweza tena kuzihimili kazi za reli. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa gitaa.

Siku moja mjini Bristol

Kwa miaka mitatu alihangaika, akipiga muziki katika maonyesho ya mitaani na katika kituo kidogo cha redio. Kisha, katika majira ya joto ya mwaka 1927, alipata habari kwamba Ralph Peer, aliyefanya kazi na kampuni ya santuri ya Victor, alikuwa mjini Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa mashambani.

Rodgers alifika huko na wenzake wa bendi. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi walizozana, na mojawapo ya mambo waliyogombania lilikuwa jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakajitenga. Agosti 4, 1927, aliingia chumbani akiwa peke yake na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili.

Nyimbo hizo hazikumpa umaarufu papo hapo. Lakini Novemba mwaka huohuo alirekodi, katika mji wa Camden, New Jersey, wimbo uliokuja kuitwa Blue Yodel. Ulikuwa bluzi ya watu weusi iliyoimbwa na mzungu, na katikati ya beti aliivunja sauti yake, akiirusha ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, ikayumba na kurudi, kama watu wa milima ya Ulaya wanavyoitana kutoka kilele hadi kilele.

Mchanganyiko huo haukuwa umesikika kwa namna hiyo. Santuri iliuzwa kwa mamia ya maelfu, na mfanyakazi wa reli mgonjwa akawa tajiri ghafla.

Mashabiki wake wakubwa walikuwa wakulima, vibarua na watu wa reli. Inasimuliwa kwamba katika maduka ya vijijini, mteja aliagiza mkate, siagi na santuri mpya ya Jimmie Rodgers kwa pumzi moja. Hata baada ya uchumi wa Marekani kuporomoka mwaka 1929 na watu kukosa fedha za chakula, wapo walioendelea kumnunua. Aliimba kuhusu mtu asiye na nauli, mtu aliye mbali na kwao, mfungwa na mama aliyeachwa, na waliosikia waliamini kwamba anayeimba alikuwa mmoja wao.

Hakufika hapo bila msaada. Rodgers hakuweza kusoma nota za muziki. Shemeji yake, Elsie McWilliams, dadake Carrie, alitunga au kushiriki kutunga nyimbo zake nyingi, na katika baadhi ya nyimbo hizo jina lake halikuandikwa.

Julai 16, 1930, mjini Los Angeles, Rodgers alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, huku Lil Hardin Armstrong akipiga piano. Mzungu wa Mississippi na wanamuziki weusi kurekodi pamoja lilikuwa jambo la nadra. Kwake pengine lilikuwa ni kurejea kwa walimu wake wa kwanza.

Kushindana na wakati

Miaka yote hiyo ugonjwa uliendelea kumla. Alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, mji uliosifika kwa hewa iliyowafaa wenye maradhi ya kifua, lakini gharama za matibabu na ukarimu uliopita kiasi zilimlazimu kuiacha. Mwaka 1931 alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chenyewe, bila kuwaficha mashabiki wake kile kilichokuwa kikimuua.

Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi kwa mara ya mwisho. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba aliwekewa kitanda kidogo karibu na chumba cha kurekodia, na muuguzi alikuwa naye. Aliimba wimbo, akajilaza, akainuka na kuimba mwingine. Kwa muda wa wiki moja hivi alikamilisha takriban nyimbo 12, kwa kuwa familia yake ingehitaji fedha baada yake.

Alifariki katika hoteli mjini humo Mei 26, 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Muda wake wa kurekodi haukufika miaka sita, na aliacha nyimbo zaidi ya 100. Garimoshi liliurudisha mwili wake Meridian, ambako alizikwa.

Santuri zavuka bahari

Wakati Rodgers alipokuwa akipata umaarufu, biashara ya santuri ilikuwa inaingia Afrika Mashariki kwa nguvu. Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme, na ilibebeka hadi popote penye njia.

Katika wilaya ya Kericho ya wakati huo, iliyojumuisha pia maeneo ya Sotik na Bomet, kulikuwa na walowezi, makampuni ya chai yaliyoanza kupanda majani chai kwa wingi katika miaka ya 1920, na vituo vya wamishonari. Simulizi iliyoenea zaidi hudai kwamba ni wamishonari wa Kiingereza waliowachezea Wakipsigis santuri za Rodgers.

Jina lilipopita katika vinywa vya wenyeji liligeuka. Jimmie Rodgers likawa Chemirocha, likakaa vizuri karibu na majina ya nyumbani kama Chemutai. Sauti ile ya ajabu, inayovunjika na kupaa, ilikuwa imepata jina la Kikipsigis.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki wa jadi, alifika Kapkatet na mitambo yake. Huko alirekodi nyimbo tatu tofauti zenye jina hilohilo. Wanaume waliimba wakipiga chepkong, ala ya nyuzi inayofanana na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Wimbo wa tatu, uliokuja kuwa maarufu kuliko yote, uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake.

Katika maelezo yake, Tracey aliandika kwamba Chemirocha alikuwa amegeuzwa kuwa kiumbe nusu mtu na nusu swara, aina ya mungu wa mahali hapo, na kwamba wasichana walimhimiza acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu hadi nguo zake zimtoke.

Mzaha, si ibada

Neno hilo la mungu ndilo lililosafiri mbali. Lakini Tracey huyohuyo aliuita wimbo huo kuwa wa kuchekesha, na maudhui yake yanamuunga mkono. Wasichana hawamwombi Chemirocha mvua, mifugo wala uponyaji. Wanamtania. Mtu hamwambii mungu wake aruke hadi abaki uchi.

Aidha, viumbe nusu watu havikuwa vigeni kwa Wakalenjin. Watoto walikua wakisikia hadithi za chemosit, zimwi lililo nusu mtu. Yamkini sauti isiyo na mwili, itokayo katika sanduku la Wazungu, ilitafutiwa umbo kutoka katika ghala hilo la hadithi, kama fanani yeyote hodari anavyofanya anapokutana na jambo jipya.

Kwa mtazamo huo, wasichana wa Kapkatet walikuwa watunzi waliochukua sauti ngeni wakaitia katika muziki wao, kama Rodgers mwenyewe alivyochukua nyimbo za vibarua weusi akazifanya zake. Tofauti ni kwamba yeye alilipwa na jina lake likavuma, ilhali majina yao yalibaki katika maandishi ya maktaba.

Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini mwaka 1954. Yeye alifariki mwaka 1977. Ni katika miaka ya 2010 ambapo maktaba hiyo, ikishirikiana na wadau wa muziki wa Nairobi na London, ilizirudisha nakala Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa wakiwa vijana walikutwa wakiwa hai. Kwa zaidi ya miaka 60, watu wa ng'ambo walikuwa wamewasikiliza kabla wao wenyewe hawajajisikia.

Kwingineko, Rodgers alienziwa kwa heshima nyingi. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la magwiji wa kantri, na mwaka 1986 akaingizwa katika lile la roki. Mjini Liverpool, Uingereza, santuri zake zilikuwa nyumbani kwa baharia mmoja ambaye mwanawe, George Harrison, alikuja kuwa mpiga gitaa wa Beatles. Bob Dylan aliandaa albamu ya kumuenzi mwaka 1997. Meridian ilianza tamasha la kumkumbuka mwaka 1953.

Hata hivyo, heshima ya Kapkatet ilitangulia hizo zote, na pengine ndiyo ambayo ingemgusa zaidi. Katika siku zake za mwisho Jimmie Rodgers hakuweza kusimama kwa muda wa nyimbo mbili mfululizo bila kujilaza. Miaka 17 baadaye, wasichana wasiojua lolote kuhusu kifua chake walimpa miguu ya swara, wakamwambia aruke.