Daktari Ambaye Hakuchagua Kuwa Daktari



Nikiwa darasa la tatu hapa Migato, ukiniuliza nataka kuwa nani nikikua, nilikuwa najibu haraka: daktari. Mama naye akaanza kuniita dokta. Basi, matokeo ya kidato cha nne yakatoka: fizikia F, kemia F. Leo nalima pamba na choroko, na Jumamosi nawafundisha katekisimu watoto wa kigango. Mama bado ananiita dokta, na kwa miaka mingi jina hilo limekuwa likinichoma.

Ndiyo maana maisha ya Adrian Atiman yamenigusa sana. Wengi tunalisikia jina lake kwenye ile hospitali ya Sumbawanga, lakini mtu mwenyewe hatumjui.

Alizaliwa mnamo mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto akakamatwa na wateka watumwa na kuvushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria akakombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Kama alikuwa na ndoto yoyote ya utotoni, aliiacha kijijini siku ile ile aliyokamatwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wake. Alitaka vijana Waafrika waliokombolewa wasomee utabibu, kisha waende bara wakaishi kati ya watu, waoe, watibu na wafundishe dini. Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusoma.

Hapa nilisimama kidogo. Kumteka mtoto ni dhambi, na siwezi kusema Mungu ndiye aliyepanga. Hata udaktari wenyewe ulianza kama ndoto ya Kardinali, si ya mtoto yule. Sasa cha kwake kilikuwa kipi?

Cha kwake ni kile kilichofuata. Mwaka 1888 alimaliza masomo akaja Zanzibar, halafu akaingia bara na msafara. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Alikuwa kijana wa miaka kama 23. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu, na mtoto wao Joseph akaja kuwa padre mwaka 1923. Wajerumani walitawala wakaondoka, wakaja Waingereza, yeye yupo tu Karema, anatibu na kufundisha dini. Alifariki huko huko mwaka 1956. Yaani miaka 67 mahali pamoja! Alifika kijana, akazeeka kati ya wagonjwa wake.

Nikajiuliza: mimi nilitaka udaktari kwa sababu gani? Nikiwa mkweli, nilitaka koti jeupe na watu kunisalimia kwa heshima. Wagonjwa sikuwawaza hata siku moja. Ndoto ya mtoto haina kosa, ila inaanza na mimi, mimi. Maisha ndiyo yanaigeuza taratibu, mpaka wengine nao wapate nafasi ndani yake.

Juzi mtoto mmoja alipata homa kali katikati ya kipindi cha katekisimu. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, nikakaa naye hadi mama yake alipofika. Jioni nilipomsimulia mama, akaniita tena dokta. Safari hii nikaitika.

Kijana mwenzangu, labda na wewe matokeo yalikukatalia, au ada ilikosekana ukarudi nyumbani. Inauma, usijifanye haiumi. Lakini leo jioni, kabla ya kulala, mtaje mbele ya Mungu mtu mmoja ambaye ndoto yako ingemsaidia. Kisha kesho mtafute.

Ee Bwana, njia ambayo hatukuichagua, tusaidie tuitembee kwa upendo. Amina.