Denis Burkitt: Daktari aliyeandama saratani ya taya

MWAKA wa 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Ugonjwa huo ulimshinda kuutambua. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uo huo, na alipompapasa tumbo akapata uvimbe huko pia. Tangu hapo hakutulia.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11, lakini hilo halikumzuia kusomea udaktari jijini Dublin. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi, akahudumu Kenya na Somalia. Mnamo 1946 alihamia Uganda.

Mwaka wa 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiulizia ugonjwa huo hospitali baada ya hospitali. Walibaini kuwa ulikithiri penye joto na mvua nyingi, yaani penye malaria, na kuwa nadra katika nyanda za baridi.

Mwaka huo huo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akitoa mhadhara London, akashuku kwamba kiini ni virusi. Mnamo 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuviona katika seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda.

Kwa kawaida, seli za kinga aina ya B hugawanyika zinapopata ishara kwamba adui ameingia mwilini, kisha hukoma. Protini za virusi hivi huiga ishara hiyo na kuzilazimisha seli zigawanyike. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo, na wengi hawadhuriki kwa kuwa kinga huvidhibiti. Malaria ya mara kwa mara huulegeza ulinzi huo. Ndipo jeni iitwayo MYC, ambayo huamrisha seli kugawanyika, inapong'oka kromosomu ya 8 na kuhamia nyingine, aghalabu ya 14, ambako haizimiki tena. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ingawa alikuwa mpasuaji, Burkitt alionyesha kwamba dawa, wala si kisu, ziliweza kuwaponya baadhi ya watoto. Alifariki Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Maradhi yenye jina lake yangali yanawaandama watoto wa magharibi mwa Kenya na Uganda. Yakigunduliwa mapema hutibika. Mzazi anayedhani taya iliyovimba na meno yanayolegea ni maumivu ya jino tu, huenda akampeleka mwanawe hospitalini akiwa amechelewa.